Chaja ya Betri: Ipi Ununue, na Kwa Nini Ile ya "Auto 12V/24V" Uiache Dukani

Malalamiko ni yaleyale, awe mwenye Fuso, mwenye inveta ya nyumbani au fundi wa gereji: chaja ni mpya, imekaa usiku kucha, asubuhi imeandika FULL, lakini gari haliwaki. Mwenye betri anaambiwa betri zake zimekufa, anaingia mfukoni kununua mbili mpya. Mara nyingi zile za zamani hazikuwa na kosa lolote. Chaja ilikutana na betri za volti 24 ikadhani ni ya volti 12, ikazipa chaji ya dakika chache, ikajizima.

Kwa hiyo hapa hatuanzi na ampea wala ukubwa wa skrini, vitu ambavyo kila muuzaji atakueleza bila kuulizwa. Tunaanza na swali ambalo ni wachache wanaouliza dukani: chaja hii inajuaje kwamba betri ni ya volti ngapi?

Jinsi chaja ya auto inavyodanganyika

Ukibana klipu, chaja ya auto hupima volti zilizopo kisha hukata shauri. Zikiwa chini ya kiwango fulani inachagua 12, zikiwa juu inachagua 24. Kiwango chenyewe hutofautiana kati ya chaja na chaja, na ni nadra kuandikwa popote. Betri ikiwa nzima hakuna shida: ya 12 itasoma kati ya 11.8 na 12.8, na mbili zilizoungwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, zitasoma kati ya 23.6 na 25.6. Pengo ni kubwa, hata chaja ya ovyo haitakosea.

Lakini nani ananunua chaja kwa ajili ya betri nzima? Taa za lori zimeachwa zikiwaka tangu Ijumaa, na Jumatatu betri mbili kwa pamoja zinasoma 14.3. Kwa chaja ya auto, hiyo ni betri ya 12 iliyokwisha kujaa. Lengo lake ni 14.4, inasukuma kidogo tu, inafika, inaandika FULL. Betri zikibaki tupu hivyo siku kadhaa, salfeti inaganda kwenye mabamba ya risasi ndani na hazishiki chaji tena. Kosa la kusoma namba limegeuka kuwa kifo cha kweli cha betri.

Kosa la upande wa pili ni hatari zaidi. Chukua betri ya 12 ya sola iliyoungwa na paneli moja kwa moja bila kontrola, kama zilivyo nyingi vijijini. Kichwa kimoja cha betri kimeota kutu ya kijani, na klipu za chaja zimebanwa kwenye waya badala ya kwenye kichwa chenyewe. Paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa volti 21 hadi 22 juani ikiwa haina mzigo. Chaja inasoma volti za paneli, si za betri, na inachagua 24. Sasa inalenga 28.8. Taa na redio zilizo kwenye laini hiyo zinaungua, na kutu ikiachia, betri nayo inapokea mzigo wote: ya maji inachemka, ya kavu inavimba. Betri inayochemka inatoa haidrojeni, na cheche moja ya klipu inatosha kuilipua na kumwaga asidi usoni kwa aliye karibu.

Betri kuukuu iliyoganda salfeti nayo ina tabia yake. Ukiipa hata chaji ndogo ya kupimia, volti zinaruka hadi 16 au zaidi kwa sababu haina pa kuipokea. Chaja inayopima huku ikisukuma umeme inaweza kupotoka hapo. Halafu kuna kukatika kwa umeme: kila ukirudi, chaja ya auto inapima upya na kuamua upya, na wewe umelala.

Msimamo wangu ni huu: chaja ya nyumbani iwe ya volti moja tu, au iwe na swichi unayoigeuza kwa mkono wako mwenyewe. Uamuzi wa 12 au 24 ni wa mwenye betri.

"12V" kwenye boksi ni jina tu

Betri ya risasi ya volti 12 ina seli sita. Ikiwa imejaa na imepumzika saa kadhaa bila chaji wala mzigo, inasoma 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu, 11.8 ni tupu. Chaja haiwezi kuijaza kwa volti 12. Ni lazima iipite. Kwa betri ya maji na nyingi za aina ya AGM (betri kavu ambayo asidi yake imefyonzwa kwenye mikeka ya nyuzi za kioo), chaja hupanda hadi 14.4 au 14.7, ikae hapo mpaka ampea zishuke, kisha irudi 13.5 hadi 13.8 na kuishikilia betri hapo. Gel, betri kavu yenye asidi iliyogandishwa kama jeli, inataka kidogo zaidi ya 14 tu, kama 14.1 au 14.2. Kwa mfumo wa 24, zidisha kila namba kwa mbili.

Namba hizo mbili, ya kumalizia na ya kushikilia, ndizo za kutafuta kwenye kibandiko au kitabu cha maelekezo. Chaja isiyozitaja imekuficha jambo kubwa kuliko yote. Isiyoshuka kutoka 14.4 ikiachwa imechomekwa wiki nzima inakausha maji ya betri, na ukiwa na betri kavu huna pa kuyaongezea.

Joto nalo linahesabika. Namba za kitabu ni za nyuzi 25. Kila nyuzi moja ikipanda, betri ya 12 inataka kupunguziwa takriban volti 0.02 hadi 0.03. Stoo ya mabati Dar es Salaam mwezi Februari ikiwa nyuzi 35, ile 14.4 inapaswa kuwa karibu 14.15. Nairobi jambo hili halina uzito sana. Mombasa, Tanga na Zanzibar ndipo betri kavu zinapovimba bila mtu kuelewa sababu.

Ya kwanza: Victron Blue Smart IP22

Hii ndiyo chaguo langu, na sioni sababu ya kuuficha upendeleo huo. Ni ya kampuni ya Uholanzi, na sababu kubwa ya kuipenda ni ile niliyoanza nayo: IP22 ya 12 ni ya 12, na ya 24 ni ya 24. Hakuna kubahatisha. Jina lenyewe linakwambia kila kitu: 12/15 ni volti 12 ampea 15, 12/30 ni volti 12 ampea 30, 24/16 ni volti 24 ampea 16.

Volti za kumalizia unazichagua na kuziona. Mpangilio wa kawaida unaishia 14.4, wa juu 14.7, wa lithiamu 14.2. Ukifungua programu ya VictronConnect kwenye simu kwa bluetooth, unaweza kuandika namba kamili uliyopewa na mtengenezaji wa betri, na kuweka punguzo la joto. Mipangilio inabaki humo hata umeme ukikatika. Skrini ya simu inakuonyesha volti na ampea zinazoingia wakati huohuo, kwa hiyo hubaki unaangalia kitaa cha kijani na kukiamini. Badilisha namba ya siri ya bluetooth siku ya kwanza, maana jirani mwenye programu hiyo naye anaiona chaja yako.

Kwa betri za maji, kadiria ampea kuwa sehemu ya kumi ya Ah, yaani ampea-saa, ukubwa wa betri. N100, betri ya 100Ah, inataka ampea 10, N150 ampea 15, N200 ampea 20. Kwa hiyo 12/15 inawatosha wenye N100 na N150, na 12/30 ni ya N200 au betri mbili zilizoungwa sambamba.

Jambo linalowapata wengi: IP22 ina skrubu za kufungia nyaya, haina klipu. Watu huokota waya wowote uliopo. Ukitumia waya wa milimita za mraba 2.5, urefu wa mita mbili kwenda na mbili kurudi, kwa ampea 30 unapoteza karibu volti 0.8 njiani. Chaja inaona 14.4 huku betri ikipata 13.6, hivyo inaanza kupunguza ampea mapema na chaji inachukua saa nyingi kuliko inavyostahili. Tumia waya wa milimita 10, upotevu unashuka hadi kama 0.2, na weka fyuzi karibu na betri, si karibu na chaja. Pia si ya kuwekwa nje: IP22 maana yake haivumilii mvua wala kuoshwa.

Bei yake ni kali, hakuna ubishi. Inaweza kufika bei ya betri yenyewe. Lakini chaja haichakai kama betri, na kila betri iliyookolewa inarudisha sehemu ya fedha hiyo.

Ya pili: CTEK MXS 5.0

Ya Uswidi, volti 12 tu, ampea 5. Kwa gari dogo na bodaboda sijaona sababu ya kwenda mbali zaidi. Inamalizia 14.4, au 14.7 ukichagua mpangilio wa AGM, na inashikilia kwa 13.6. Punguzo la joto inalifanya yenyewe. Ina mpangilio wa pikipiki unaotoa ampea 0.8, unaofaa betri ya bodaboda ya 5Ah hadi 9Ah ambayo ampea 5 zingeichemsha. Watengenezaji wanaiweka kwa betri za 1.2Ah hadi 110Ah, lakini kwa N100 iliyoisha kabisa utasubiri zaidi ya siku nzima.

Tahadhari mbili. Kuna mpangilio wa kufufua betri unaopanda hadi 15.8, ni wa betri ya maji iliyotolewa kwenye gari, si wa betri iliyoungwa na vifaa vya gari, na kwa gel au lithiamu usiuguse. Pili, MXS 5.0 haina mpangilio wa lithiamu. Muuzaji akikwambia "inachaji zote", amekosea.

Wenye malori: chaja mbili za 12, kila moja kwenye betri yake, ni bora kuliko auto moja ya 24. Kila betri inajazwa kivyake, na ile iliyokuwa dhaifu haiburuzwi na mwenzake. Chomoa kwanza waya unaounga betri mbili. Ukishindwa kuuchomoa, basi klipu hasi ya chaja ya betri ya juu, ile ambayo hasi yake haikuungwa na bodi ya gari, ibanwe kwenye kichwa cha betri hiyohiyo. Ukiibana kwenye bodi ya gari umeipa chaja ya 12 volti 24 nzima.

Ya tatu: NOCO Genius10

Inabeba 6 na 12, lakini haikuchagulii. Mpangilio wa 6 uko pembeni, na lazima ushikilie kitufe sekunde kadhaa ndipo ukubali, hivyo si rahisi kuingia kwa bahati mbaya. Ina lithiamu. Ina pia njia ya kuilazimisha kuchaji betri iliyoshuka hadi sifuri, ambapo ulinzi wake huzimwa kwa muda. Hapo ukigeuza chanya na hasi hakuna wa kukuokoa. Nimeiweka ya tatu kwa sababu volti zake huwezi kuziandika mwenyewe kama kwenye Victron, na kwa sababu nyingi zinafika kwenye masanduku ya ndugu walio Marekani. Soma mstari wa INPUT kabla ya kuichomeka: chaja yoyote iliyoandikwa 110-120V itaungua kwenye soketi yetu ya 230 au 240.

Chaja ya gereji yenye transfoma na swichi

Lile boksi zito la chuma, lenye mshale wa ampea na swichi ya 6, 12 na 24. Kwa fundi anayekaa nayo ni chombo kizuri: inaamsha betri iliyokufa ambayo chaja za kisasa zinakataa hata kuianza, na inatengenezeka. Ila nyingi hazina kikomo cha volti. Ukiiacha, betri inapanda 15, 16 na kuendelea. Weka mita kwenye vichwa vya betri, zima ikifika 14.4. Kabla ya kuwasha, tazama swichi kwa macho, kwa sababu aliyeitumia mwisho huenda alikuwa na Fuso.

Za bei rahisi za auto zenye skrini

Zile za plastiki zinazoandika "pulse repair" kwa herufi kubwa. Kwa betri moja ya 12 nzima, ukiwepo na una mita mkononi, itakusogeza. Kwa 24, kwa sola, au kwa kuacha usiku, hapana.

Lithiamu: hapa "12V" inaweza kuwasha moto

Adapta tatu zinaweza kufanana kabisa, plagi ileile, zote zikiitwa "chaja ya 12V". Moja imeandikwa OUTPUT 12.6V, nyingine 13.8V au 14.4V, nyingine 14.6V. Ya 12.6 ni ya lithiamu ya kawaida ya seli tatu, kama kwenye pampu nyingi za dawa za kubeba mgongoni na spika. Ya 14.6 ni ya lithiamu fosfeti, LiFePO4, ya seli nne. Hiyo ya katikati ni ya betri ya risasi.

Ukichomeka ya 14.6 kwenye betri ya seli tatu, kila seli inasukumwa kuelekea karibu volti 4.9 wakati mwisho wake ni 4.2. Kilichobaki kati yako na moto ni kibodi cha ulinzi ndani ya betri, na kwenye betri za bei ya chini ni kamari kukitegemea. Ukifanya kinyume, ya 12.6 kwenye LiFePO4, hakuna hatari. Betri haijai tu, na utalaumu betri.

Pikipiki na baiskeli za umeme ni hivyohivyo. Ya 48V yenye lithiamu ya seli 13 inataka chaja ya 54.6, LiFePO4 ya seli 16 inataka 58.4, betri nne za risasi zinataka karibu 58. Zote kwenye mazungumzo ni "chaja ya 48". Usinunue kwa jina. Geuza chaja ya zamani, soma OUTPUT, na mpya ilingane hadi nukta.

Betri ndogo za 6V, za mizani na magari ya kuchezea ya watoto, zinamalizia karibu 7.2. Chaja ya pikipiki inaziua kwa usiku mmoja.

Kupima kabla ya kulipa

Beba mita, au mwambie muuzaji atoe yake. Weka kwenye DC 20 kwa betri ya 12. Chaja nyingi za kisasa hazitoi kitu klipu zikiwa hewani, kwa hiyo sifuri hapo si ubovu, zinahitaji betri. Zibane kwenye betri iliyojaa, chanya kwanza, ndipo uchomeke ukutani. Betri iliyojaa itapanda haraka. Angalia inaposimama: kati ya 14.2 na 14.8 ni sawa. Ikivuka 15 bila wewe kuchagua mpangilio wa kufufua, irudishe kwenye rafu. Subiri ishuke 13 na ushee. Unapomaliza, chomoa ukutani kwanza ndipo utoe klipu.

Kisha hesabu ampea. Chaja ya kweli ya ampea 30 kwa 14.4 inatoa wati 432, kwa hiyo lazima ivute zaidi ya hizo ukutani. Kibandiko kikisema 30A lakini mstari wa INPUT unasema wati 120, chukua 120 ugawe kwa 14.4: hata ampea 9 hazifiki. Hizi zimejaa Kariakoo, Dar es Salaam, na zimejaa Luthuli, Nairobi, na zinauzwa kwa bei ya ampea 30 kwa watu waliotoa jasho kupata fedha hiyo. Kinachokera zaidi ni kibao ukutani, "bidhaa ikishauzwa hairudishwi", kwenye duka ambalo halikubali kuchomeka chaja ili mnunuzi aione ikifanya kazi. Kuuza kifaa cha umeme bila kukijaribu mbele ya mnunuzi ni kumhamishia hasara mapema. Ukiambiwa "boksi halifunguliwi", ondoka, duka la tatu mbele watakufungulia.

Ukikubali kununua, risiti isiandikwe "chaja 1". Iandikwe jina la modeli, volti za betri, volti za kumalizia na ampea, kwa mfano "12V, 14.4V, 15A", na muhuri wa duka. Muuzaji anayesita kuandika 14.4 ameshakujibu.